Mstari wa Chini

Kila mtu anayeendesha baiskeli kando ya mto Danubi anateremka nao. Anaanzia Passau, anaupa upepo mgongo, anashuka taratibu pamoja na maji kuelekea Vienna, na mabegi yake yanatangulizwa kwa gari hadi nyumba ya wageni atakakolala. Ukimwona mtu anapanda kwenda juu, unajua amesahau kitu. Notburga Kastner, Burgi kwa wanaomjua, alizaliwa na kuzeekea kando ya mto huo na hakuwahi kuuendeshea baiskeli kwa starehe. Kwao baiskeli ilikuwa ya kwenda kazini. Mto ulikuwa wa kutazamwa kwa pembe ya jicho, kama jirani mlevi ambaye leo anakusalimia vizuri na kesho anakuvunjia mlango.

Safari hii alikwenda kwa sababu ya jiwe.

Mdogo wake wa kiume, Engelbert, ambaye yeye alimwita Bertl, alimpigia simu mwezi wa tano, mitufaha ikiwa imechanua. Alizunguka weee, akauliza habari za goti lake, za fleti yake pale Linz, za kustaafu, kisha akatua. "Jiwe la baba limesimama, dada. Hatimaye. Njoo ulione. Twende kwa baiskeli, mimi na wewe na Roswitha, polepole, siku nne, tule vizuri, tulale vizuri. Lini tumekaa pamoja bila kugombana?"

Burgi alisikia neno hilo moja, limesimama, na mengine yote yakampita. Akasema atakuja.

Jiwe lenyewe lilikuwa mwimo wa mlango wa nyumba yao huko kijijini Zeidlau, pande la itale refu kuliko mtu. Watu wa Zeidlau walikuwa na desturi yao. Maji yakishapungua, hakuna aliyeshika koleo wala ufagio kabla mwenye nyumba hajachukua tindo akachora mstari kwenye mwimo, pale pale tope lilipoacha alama, na mwaka wake pembeni. Ukisafisha kwanza, umeshadanganya. Kwenye mwimo wa kina Kastner kulikuwa na mistari ya babu wa babu, na ule wa mwaka wa hamsini na nne, ulioko juu ya kichwa cha Burgi. Wa chini kabisa, usawa wa nyonga, ulikuwa wa mafuriko ya mwisho. Huo aliuchora baba yao, na chini yake akachora maneno mawili ambayo hakuna aliyewahi kuyachora kabla yake. La kwanza lilikuwa jina: ALOIS. La pili: WALIFUNGUA.

Maana mafuriko hayo hayakuja kama maji yanavyokuja. Watu wa Zeidlau waliujua mto wao. Kwanza unaingia bustanini, halafu kwenye stoo ya chini, unakupa muda wa kupandisha viazi darini na kuwapeleka ng'ombe kwenye tuta. Siku ile ulikuja wote mara moja, adhuhuri, kama beseni lililopinduliwa, na haukufika hata nusu ya ule wa hamsini na nne. Haukuhitaji kufika. Alois, jirani yao, alikuwa zizini akiwafungua ng'ombe minyororo, na maji yakausukuma mlango ukajifunga, akafia humo. Baadaye waliletwa wataalamu, wakasema ni mvua. Huko juu kwenye bwawa la umeme milango ilikuwa imefunguliwa ili maji yasiingie kwenye karakana za mjini, na kila mwenye macho Zeidlau alilijua hilo, lakini kwenye taarifa ikabaki mvua. Mvua haina wakili wala haina mshitaki.

Baada ya hapo kijiji kikahamishwa. Kwa hiari, ilisemwa, na aliyepita jiko kwa jiko akiwaeleza watu hiari hiyo alikuwa Engelbert, kijana wa halmashauri mwenye viatu safi. Sharti lilikuwa kwamba kila familia iibomoe nyumba yake yenyewe mpaka chini. Baba yao aliibomoa yake kwa mikono, akautoa mwimo mzima bila kuumega hata pembe, akaulaza juu ya majani makavu kama mgonjwa. Alifia ghorofa ya tatu mjini, kwenye fleti ambamo kila mvua iliponyesha aliamka kwenda kupandisha viazi ambavyo havikuwapo. Alichowaomba wanawe ni kimoja tu: mwimo urudi ulikotoka, usimame pale mlango ulipokuwa. Engelbert alimshika mkono akasema ndiyo. Tangu hapo jiwe lililala kwenye yadi ya halmashauri, na kila Burgi alipouliza, aliambiwa bado.

Walianza Passau asubuhi yenye ukungu mwembamba. Engelbert na mkewe walikuwa na baiskeli za umeme, nene kama ndama. Burgi alikuwa na ile yake ya zamani ya gia tatu. Roswitha, mwanamke mwema asiyependa kelele, alimwambia, "Wifi, tungekukodishia ya umeme. Hii itakuua kabla ya chakula cha mchana." Burgi akamjibu kwamba yeye na baiskeli hiyo wameshazika watu wengi.

Haikuwa safari mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi baadaye kuliko yote. Mto ulijipinda katikati ya milima yenye misitu mpaka mtu akadhani unarudi ulikotoka. Palipokosekana njia upande mmoja, walipiga kengele iliyoning'inia kwenye nguzo, na mzee wa kivuko akaja kuwachukua kutoka ng'ambo huku bado anatafuna. Walikula mkate mweusi na nyama baridi, wakanywa mvinyo wa peasi chini ya paa la mbao, miguu imenyooshwa. Engelbert alijulikana kila mahali. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha njia hiyo ya baiskeli, na kila mwenye nyumba ya wageni alimpiga mgongoni na kumletea kitu ambacho hakukiagiza. Alicheka kama alivyokuwa akicheka utotoni, Burgi alipokuwa akimpakia mbele kwenye usukani, visigino vyake kikapuni, wakishuka tuta la Zeidlau bila breki.

Jioni ya siku ya pili walipita Linz. Burgi alionesha kwa kidevu bomba la moshi la kiwanda kikubwa cha kufulia nguo alikofanya kazi, ambako aliwahi kuwatoa wanawake wenzake nje mpaka mashine zikapoa na wakubwa wakashuka ngazi kuja kuzungumza. Engelbert alimwambia Roswitha kwamba dada yake angeweza kuandaa mgomo hata kwenye mazishi. Alilisema kwa upendo. Usiku huo walipokuwa wanafua soksi zao kwenye beseni moja, bega kwa bega, Burgi aliona kitu kinalegea kifuani mwake ambacho kilikuwa kimekaza kwa miaka. Akauliza kama jiwe linautazama mto, jinsi lilivyokuwa.

"Utaona kesho," alisema Engelbert, akikamua soksi. "Usiharibu starehe, dada."

Siku ya tatu walipita Mauthausen. Njia ya baiskeli inapita chini mtoni, kwenye kivuli na aiskrimu. Machimbo ya itale na ile kambi ya mateso ya Wanazi viko juu kilimani, ambako watu walibebeshwa mawe mgongoni mpaka wakafa, na waendesha baiskeli wengi hawaendi kwa sababu kuna mlima. Burgi alikuwa akienda kila mwaka na wenzake wa chama cha wafanyakazi. Roswitha alisema taratibu kwamba leo ni likizo. Wakala aiskrimu. Ilikuwa ya aprikoti, nzuri, na Burgi aliimaliza huku akiukasirikia ulimi wake.

Alasiri wakafika Zeidlau, yaani mahali pasipo kitu. Majani yalikuwa yamekatwa vizuri. Kulikuwa na benchi, bango lenye picha za ndege, na mpeasi mmoja ambao Burgi aliutambua kwa jinsi ulivyoinama, kwa sababu ulikuwa wao. Kutoka kwenye mpeasi mpaka mlangoni ilikuwa hatua chache. Alizitembea. Alisimama pale ambapo mama yake alikuwa akikung'uta kitambaa cha meza. Majani tu.

"Liko wapi?"

Engelbert alikuwa anakunywa maji, akanywa mengi kuliko kiu yake. Alieleza kwamba hapa lingeibwa. Au mafuriko yangelichukua.

"Ni jiwe la mafuriko, Bertl."

"Liko salama, dada. Utaliona jioni, pale tutakapolala. Watu watalitunza."

Roswitha alikuwa anasoma bango la ndege kwa makini, kama mtu atakayeulizwa maswali.

Nyumba ya wageni ilikuwa juu ya kilima. Baiskeli za umeme zilipanda zikinguruma polepole kama paka, Burgi akaisukuma yake kwa miguu, goti likimchoma. Alipofika uani aliliona kabla hajafuta jasho. Lilikuwa limejengewa ukutani kando ya mlango, na taa ndogo juu yake, mbele ya safu ya nguzo mpya za kuchajia baiskeli. Mstari wa hamsini na nne sasa ulimfika kifuani. Mgeni mmoja mwenye kaptula ya kubana alikuwa amemsimamisha binti yake mbele ya jiwe, akimwambia tazama, maji yalifika mpaka huku juu. Mtoto akageuka akautazama mto, mbali huko chini, mwembamba kama kamba ya kuanikia, akaamini.

Burgi aliutafuta mstari wa chini. Jiwe liliishia kabla ya kuufikia. Liliishia kwa mkato ulionyooka, kazi ya msumeno wa mashine, na chini ya mkato palikuwa na sakafu ya uani.

Engelbert alikuwa amesimama nyuma yake. Alisema kwamba lilikuwa refu, ukuta haukutosha.

"Ukuta wa ghorofa mbili."

Engelbert akaonesha nguzo za kuchajia. "Watu wa bwawa ndio waliotoa hizi. Zote, mpaka Vienna. Kikao kizima nao kilikwama kwenye neno moja, Burgi. Neno moja. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Na Alois naye ni neno?"

Hapo akapandwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na haki kidogo, ndiyo maana iliuma. Alimwambia yeye alikuwa Linz na mashine zake za kufulia. Nani alikusanya mizoga ya ng'ombe? Nani alikaa na baba usiku wa mvua? Wangebaki pale chini, maji yangewarudia, na safari hiyo wangezikwa wengine. Leo vijana wa huku wana kazi, wanapika, wanatengeneza baiskeli, hawakimbilii mjini. Kwa sababu ya nani? Burgi hakubisha. Alimuuliza tu kwa nini basi amemwita.

Jibu lilimtoka kwa shida. Kesho asubuhi kulikuwa na uzinduzi wa jiwe na nguzo. Mpiga picha angekuja, na gari lingewaleta wazee waliobaki wa Zeidlau. Wazee hao walikuwa wamekataa mara zote. Walisema watakuja Burgi akija.

"Dakika moja tu, dada. Unaweka mkono kwenye mstari wa hamsini na nne, unatazama kamera, tunakula keki. Halafu tunateremka, tunakwenda kula madonge ya aprikoti."

Kumbe hilo ndilo lilikuwa goti, na kustaafu, na kukaa pamoja bila kugombana. Hata soksi. Burgi alikwenda chumbani. Baadaye Roswitha alimletea supu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kula, wifi. Utamchukia vizuri zaidi ukishashiba." Kisha, akiitazama mikono yake, akasema kwamba yeye alimwambia mumewe asilikate.

"Ulimwambia mara ngapi?"

"Mara moja," alisema Roswitha.

Asubuhi Burgi aliamua kuondoka kabla ya watu kukusanyika. Angepanda kurudi juu, peke yake, dhidi ya upepo, na watu wamtazame wanavyotaka. Begi lake lilikuwa limeshachukuliwa na gari la mizigo, hakujali. Alikuwa anaitoa baiskeli uani wakati gari la wazee lilipoingia, na sauti ya kwanza kutoka ndani ilikuwa ya Kreszenz, mjane wa Alois.

"Burgi yupo? Nimeambiwa yupo, la sivyo nisingepanda hiki kidude."

Macho ya Kreszenz yalikuwa yamekwisha. Alishuka na fimbo nyeupe, amevaa koti lake la kanisani, akageuza uso huku na huku mpaka Burgi akaegemeza baiskeli ukutani. "Nipo, Bi Kreszenz." Bibi akamshika kiwiko kwa nguvu kama anayevuka mto. Alisema anataka kulishika jiwe. Tangu nyumba zibomolewe hakuna mahali penye jina la mume wake ila kaburini na pale, na kaburini jina lina tarehe tu, si kilichomuua.

Watu walikuwa wameshasimama nusu duara, wageni na helmeti zao, wazee wa Zeidlau wanne watano wakiwa na keki mikononi, mpiga picha amepiga goti. Mwenye nyumba ya wageni, bwana mnene mchangamfu aitwaye Wolfram, alisema neno la kukaribisha. Kreszenz hakumngoja amalize. Aliweka kiganja kwenye itale, akaupata mstari wa hamsini na nne, akacheka kidogo, akasema siku ile walilala juu ya paa na kuku. Kamera ikalia. Vidole vyake vikaanza kushuka. Vikashuka polepole, vikisoma, vikapita mstari wa babu, vikashuka mpaka akawa ameinama, mpaka fimbo ikaanguka, mpaka vikafika kwenye mkato wa msumeno na chini yake sakafu. Vikarudi juu. Vikashuka tena.

"Alois yuko wapi?" aliuliza. "Burgi, ni mimi au ni vidole? Nioneshe Alois."

Hakuna aliyetafuna. Engelbert alimtazama dada yake, na Burgi aliona wazi anachomwomba. Kilikuwa kitu rahisi sana. Achukue mkono wa bibi, auweke kwenye mwaka wowote, herufi zozote, namba zozote, aseme huyu hapa. Bibi angelia, angebusu vidole vyake, angekula keki na kufa kwa amani, na picha ingekuwa nzuri kuliko zote.

Aliuchukua mkono. Ulikuwa baridi. "Hayupo, Bi Kreszenz," alisema. "Wamemkata."

Kreszenz hakupiga kelele. Kama mtu anayehesabu vyombo baada ya wageni, akauliza wamemweka wapi. Engelbert alifungua kinywa, lakini Wolfram, asiyejua lolote, aliyetaka tu kusaidia, akamtangulia. Kile kipande? Kiko hapo hapo, mama, hakijatupwa. Udongo ulikuwa laini, kwa hiyo fundi alikilaza chini ya zege, pale nguzo za kuchajia zinaposimama. Kimetufaa kweli.

"Nipeleke," alisema Kreszenz.

Burgi akampeleka, hatua chache, mpaka kwenye zege jipya katikati ya baiskeli. Bibi akaligusa kwa ncha ya kiatu, kisha, kwa kushikilia bega la Burgi na nguzo, akakaa chini, koti la kanisani na yote. Burgi akakaa kando yake, goti likilia. Miguu yao ilikuwa imezuia nafasi ya kutolea baiskeli.

Mwanzoni wageni waliona aibu, wakanywa kahawa nyingine. Wazee wa Zeidlau walisogea karibu na keki zao, hawakukaa, lakini hawakurudi garini pia. Engelbert alichuchumaa mbele ya dada yake, uso mwekundu, akanong'ona kwamba anamvunja mbele ya watu, ainuke, atazungumza na watu wa bwawa, mwakani huenda wakaweka kibao kidogo chenye jina.

"Bado," alisema Burgi. "Si ndivyo unavyosema siku zote?"

Saa zikaenda. Upepo ulikuwa mzuri sana siku hiyo, wa mgongoni, na vyumba vilikuwa vimeshawekewa nafasi huko mbele, na mabegi yalikuwa yamekwisha fika. Mmoja akaanza. Akasema samahani mama, akainua baiskeli yake juu ya vichwa vyao, nzito, akihema, akisaidiwa na mkewe. Kisha mwingine. Samahani mama. Samahani. Yule wa kaptula ya kubana aliomba radhi mara mbili, na binti yake alitembea nyuma akigeuka. Mpiga picha aliwapanga wachache waliobaki karibu na vyungu vya maua upande wa pili. Kisha Engelbert naye akaondoka. Roswitha alisimama na baiskeli yake kwa muda mrefu, akamtazama wifi yake, akamtazama mumewe anayeteremka kilima, kisha akapanda baiskeli, akamfuata.

"Wanatutazama?" aliuliza Kreszenz.

"Wameondoka."

"Wote?"

"Wazee wetu wapo. Wale wengine wote wanateremka."

Kreszenz alifikiri. "Jioni wataingia wengine," alisema. "Baiskeli zao nazo zitataka umeme, au sivyo? Una kitu cha kukalia, mwanangu? Hili zege lina baridi."

Burgi alivua jaketi lake, akalikunja, akalisukumia chini ya bibi.